Chupa ya Mama Iliyokataliwa Kuingia Doha

Tangu nirudi siwezi kununua hata fungu la nyanya kwa amani. Sokoni naulizwa, kwenye mazoezi ya kwaya naulizwa kabla sijaketi, na juzi katekista, mtu mzima kabisa, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa akitaka kujua kama ni kweli nilikamatwa Uarabuni na kitimoto. Sikukamatwa. Nilisimamishwa, tukaongea, nikaachiwa. Sasa ili nisirudie maneno yale yale mpaka sauti inikauke, nimeyaandika yote hapa. Someni, mkimaliza mpeane.

Chupa yenyewe

Jumuiya yetu siku hizi ina wahamiaji wengi, kwa hiyo nianze na wasiojua. Kilichomo kwenye chupa tunakiita Siagi ya Sista, lakini si siagi. Ni nyama ya nguruwe ya tumboni, ile yenye tabaka la mafuta na tabaka la nyama, iliyolazwa kwenye chumvi na vitunguu saumu, kisha ikaning'inizwa uchagani juu ya moto wa kuni za mpera na matawi ya mibuni, mpaka moshi ukaifanya kahawia na ngumu. Hapo inakatwakatwa kwa kisu, vipande vidogo kama punje za mchele, inachanganywa na mafuta yake yenyewe yaliyoyeyushwa, kitunguu na pilipili manga, inashindiliwa kwenye chupa ya mdomo mpana, na juu inamwagiwa mafuta meupe unene wa kidole ili hewa isipite. Mama alifundishwa na Sista Ludovika jikoni kwa masista alipokuwa msichana. Sista alipofariki, mama ndiye peke yake hapa kijijini aliyeendelea kuitengeneza bila haraka.

Kuila nako kuna sheria zake, na mama alikuwa mkali kwa sheria hizo kuliko padre kwenye maungamo. Chupa itolewe mapema kwenye ubaridi ili ilegee. Mkate uwe wa jana, ukatwe mnene, na usipashwe moto hata kidogo, kwa sababu mkate wa moto unayeyusha mafuta yote na wewe unabaki kula mkate uliolowa. Paka kwa mgongo wa kisu. Juu weka kitunguu kibichi kilichokatwa chembamba na chumvi kidogo. Pembeni kahawa nyeusi, na asiyependa kahawa nyeusi anywe maji. Anayehudumia haketi mpaka wote wapate. Na kipande cha kwanza ni cha yule aliyetoka mbali kuliko wote, hata akiwa mtoto, hata kama padre yupo mezani.

Mama alipofariki mwaka jana tulikuta chupa moja tu uchagani. Nyumbani kwetu chakula alichoacha mama kinamalizwa na watoto wake, wote, meza moja, ndipo jiko lake linafunguliwa na moto unawashwa tena. Kabla ya hapo tanga halijaanuliwa. Sisi tuko watatu: mimi Skolastika ndiye wa kwanza, Fidelis wa kati, na Deogratias, Deo, kitinda mimba wetu, ambaye ni mlinzi kule Doha. Deo hakuja kwenye mazishi. Alisema hajapewa ruhusa. Krismasi akasema hivyo hivyo, Pasaka vile vile. Jiko la mama likakaa na kufuli, buibui wakajenga mlangoni, na kila nilipopita pale kwenda kuteka maji nilijisikia kama mtu aliyeacha sentensi katikati.

Siku nilipoona yale mafuta meupe yameanza kuwa na rangi pembeni, nikasema basi. Kama Deo haji kwenye chupa, chupa itamfuata Deo. Fidelis tungempigia simu ya video, ale mkate wake mkavu huku akitutazama, na Mungu angeelewa.

Najua swali lenu. Skola, hukujua kwamba kule hawataki nguruwe? Nilijua. Lakini kichwani mwangu ile haikuwa nguruwe. Nguruwe ni yule anayepiga kelele bandani. Ile ilikuwa siagi ya Sista, ilikuwa ya mama, na nilikuwa naipeleka kwa mdogo wangu, si gulioni. Na Deo nilimwambia naja, ila habari ya chupa sikumwambia, maana nilitaka nimshtukize.

Mbinga hadi Dar es Salaam

Mambo ya pasi na tiketi siyaelezi, yalinichosha na yatawachosha. Nianze nikiwa nimekaa kwenye basi, chupa nimeifunga kwenye kanga ya mama, nimeiweka kwenye kikapu katikati ya miguu. Songea akapanda mzee mmoja aliyevaa kofia nyeupe, akaketi pembeni yangu. Alikuwa anakwenda Morogoro kumwona binti yake aliyejifungua.

Tulipopita Njombe akaanza kunusa.

"Binti yangu, umebeba samaki wa kubanika?"

Mimi kusema uongo siwezi, nilikunjwa hivyo na masista. Nikamwambia. Mzee akacheka mpaka kofia ikamhama.

"Ndiyo maana! Nimeshasoma dua mara mbili nikidhani ni mimi ninayenuka."

Nikahamisha kikapu upande wa dirisha. Mbele ya Makambako basi likaharibika, tukashuka wote kwenye baridi ile mnayoijua. Fundi alilala chini ya basi huku abiria wote wakimfundisha kazi. Mzee akafungua kifurushi chake, akanikatia muhogo wa kuchemsha, tukala tumesimama.

"Na hiyo unaipeleka wapi?"

"Doha, kwa mdogo wangu."

Akaacha kutafuna. "Mwanangu, kule hawatakuelewa."

"Watanielewa. Nitawaeleza."

Alinitazama kwa huruma, akanikatia muhogo mwingine. Sikujua huruma ile ilikuwa ya nini mpaka nilipofika.

Mlango wa forodha

Kwenye ndege walitupa mkate wa moto na siagi ya kawaida. Sikuugusa, nilikuwa nimeshiba wasiwasi.

Doha, mizigo inapita kwenye mashine. Wangu ukapita, ukarudishwa, ukapita tena. Dada mmoja wa forodha, kijana, ndani ya baibui jeusi, akaniita pembeni kwa adabu kabisa, akafungua kikapu, akafungua kanga ya mama, akaiinua ile chupa juu kwenye taa. Akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuagana tu. Akatazama huku na huku, akamwita mama mmoja aliyekuwa anapiga deki. Kumbe ni wa Mombasa, anaitwa Mwanaisha.

"Mama, yuwauliza hii ni nini."

Jamani, nilifurahi. Nilidhani yule dada ameipenda. Nikaanza mwanzo kabisa: chumvi, vitunguu saumu, siku za kulala. Mwanaisha akatafsiri. Nikaenda kwenye kuni, nikaeleza kwa nini mpera na si mkaratusi, maana mkaratusi unaifanya nyama inuke dawa ya kifua. Mwanaisha akatafsiri, yule dada akakunja uso kwa makini, nami nikadhani anajaribu kukariri. Nikaongeza kasi. Nikaeleza kisu, si mashine. Nikaeleza mkate wa jana. Nilikuwa nimefika kwenye kitunguu kibichi Mwanaisha aliponishika mkono.

"Ngoja, mama. Hiyo nyama ni ya nini?"

"Ya nguruwe."

"Hinziri?"

"Lakini wa kwetu, msafi, tunamlisha maboga."

Mwanaisha akarudi nyuma hatua moja pamoja na fagio lake la maji. "Mama wee! Mbona hukuanza hapo?"

Akamwambia yule dada neno moja tu. Dada akaitua chupa mezani taratibu, akavaa glovu, akaleta mfuko wa plastiki wa kufungwa kwa lakiri. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Mwambie ni ya marehemu mama. Ndiyo ya mwisho. Hakuna nyingine na hakutakuwa na nyingine."

Mwanaisha alimweleza polepole, na nikaona anachagua maneno. Yule dada akaacha kufunga mfuko. Akasema pole, hilo halikuhitaji mkalimani. Kisha akaeleza kirefu, na Mwanaisha akanifikishia.

"Asema kuingia haiingii, sheria ni sheria. Lakini haitupwi. Itakaa hapa kwa jina lako. Siku ukitoka nchi hii waionyesha hii risiti, wapewa, waondoka nayo. Yatoka tu, haiingii."

"Mwambie isikae kwenye jua."

"Mama, huku hata watu hawakai kwenye jua."

Wakaiweka pamoja na kanga yake. Nikatoka nje mikono mitupu.

Al Mansoura na Najma

Deo alikuwa ananisubiri nje na rafiki yake Bakari, dereva wa gari la kukodi, kijana wa Unguja anayeishi naye chumba kimoja. Joto lilinipiga usoni nikashika ukuta. Deo amekonda. Alinikumbatia muda mrefu, akaniuliza habari za Fidelis, za ng'ombe, za kahawa, za barabara ya kwetu kama imewekwa lami. Kila kitu aliuliza isipokuwa mama. Nilipomsimulia habari ya chupa alitazama nje ya dirisha la gari, akasema, "Ungeniambia kwanza, Dada." Basi.

Wanaishi Al Mansoura, ghorofa ya maduka chini na vitanda juu, watu wa mataifa yote kwenye ngazi moja. Mimi nililazwa chumba cha ng'ambo kwa Njeri, Mkenya anayetandika vitanda hotelini. Nilikaa kitandani kwake nikiangalia feni, na nikaamua. Kama ya mama imezuiwa, nitatengeneza nyingine. Isiyo na nguruwe, wasije wakanitafuta, lakini yenye moshi. Nilikuwa nimekuja kuanua tanga na nitalianua.

Bakari, ambaye ni mtu wa kucheka kila kitu, alinipeleka mtaa wa Najma. Tukaingia duka baada ya duka, vichochoro vyenye harufu ya iliki na sabuni ya kufulia, akaninunulia chai ya karaki, ile ya maziwa yaliyochemka mpaka yamekasirika, pamoja na chapati. Tulipata nyama ya ng'ombe yenye mafuta, samli, pilipili manga na mkate. Mkate nikausisitiza uwe wa jana. Muuza duka, Mhindi, akaapa kwa uchungu kwamba dukani kwake hakuna mkate wa jana, wote ni wa leo, na nilivyozidi kudai wa jana ndivyo alivyozidi kukasirika, akidhani namshtaki. Bakari alilazimika kukaa chini kwa kucheka.

Nyama ikalala kwenye chumvi kwenye friji ya Njeri. Ilipokuwa tayari, nikawasha jiko la mkaa kwenye kibaraza, nikaning'iniza nyama kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikaitia moshi kwa vijiti ambavyo Bakari aliokota mahali ambapo hakutaka kunitajia. Moshi wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukaingia kwa jirani. King'ora kikaanza kulia ghorofa nzima.

Njeri akatoka mbio na taulo kichwani. "Dada Skola! Hii moshi ni ya nini? Unataka tufukuzwe wote? Baladiya wakikam hapa tumeisha!"

"Baladiya ni nani?"

"Watu wa manispaa! Zima, zima, zima!"

Kabla sijazima, mlango ukafunguliwa na jirani mmoja wa Nepali, akapita katikati yetu na ndoo, akaumwagia moto wangu maji bila hata salamu, akaondoka. Nyama ilikuwa imeshapata moshi nusu na maji nusu. Nikaikata hivyo hivyo, nikaichanganya na samli, nikaishindilia kwenye chupa ya achari iliyooshwa.

Jioni tukakaa juu ya vitanda, katikati tumeweka boksi la maji la kuwa meza. Deo, Bakari, Njeri, na Fidelis kwenye simu iliyoegemea mto, ameshika mkate wake. Mimi nikasimama kuhudumia. Nikakata mkate mnene, nikapaka kwa mgongo wa kisu, nikaweka kitunguu, nikainua kipande cha kwanza.

"Haya, aliyetoka mbali kuliko wote," nikasema, kama mama alivyokuwa akisema.

Wote wakanitazama mimi. Fidelis naye akanitazama kutoka Mbinga. Nikabaki nimesimama na kipande mkononi. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kupata kipande cha kwanza, maana sikuwahi kuondoka nyumbani. Nikakiuma.

Bakari alikula vipande vinne. "Dada, hii ukiuza sokoni Darajani watu watapigana." Njeri alisema si mbaya. Deo alitafuna polepole, akaweka kipande chini.

"Siyo," akasema.

Akavaa kofia yake ya kazi, akaenda zamu ya jioni; ya kesho yake ilikuwa ya mchana.

Al Sadd

Nilikasirika, siwafichi. Nilikasirika usiku kucha na asubuhi nikaamka nimekasirika bado. Nikamwomba Bakari anipeleke Al Sadd anakolinda Deo. Njiani nikamwuliza tu, kwa mazungumzo, kama na yeye likizo huwa ananyimwa.

"Mie? Nshakwenda Unguja mara mbili. Na Deo likizo anayo, Dada, imelala miezi sasa. Haiombi tu." Akakaza macho barabarani. "Mie sijasema kitu, Dada yangu."

"Hujasema kitu," nikamjibu.

Jengo lenyewe ni la vioo, chini maduka, juu maofisi. Deo amesimama mlangoni na sare, anafungua, anainamisha kichwa, anafungua tena. Watu wanapita wakiwa na mifuko mikononi, hakuna anayemtazama. Niliketi kwenye benchi ng'ambo, kwenye kivuli kilichokuwa kinapungua, nikamtazama mdogo wangu akifungua mlango. Niliumia. Hasira ilikuwepo lakini chini yake niliumia.

Muda wa mapumziko akaja na vikombe viwili vya karaki.

"Deo, likizo unayo."

Akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Ni Bakari huyo."

"Simtaki Bakari. Nakutaka wewe."

"Niende nikafanye nini, Dada? Kaburi limeshaota majani. Wajomba watanitazama. Watasema huyu ndiye aliyezika kwa simu." Akaendelea bila kunitazama. "Unajua siku ile nilikuwa wapi? Pale. Pale pale mlangoni. Nilikuwa nimeanza kazi majuzi tu, nisingethubutu kuomba. Fidelis alipiga simu, nikaweka kisikizio kimoja sikioni ndani ya kofia. Nasikia mnaimba. Nasikia padre. Halafu nasikia udongo unaangukia jeneza. Na mtu anakuja na watoto wake, namfungulia mlango, namwambia karibuni sana. Udongo unaanguka, mimi nasema karibuni sana."

Nililia pale kwenye benchi, mbele za watu. Sikuwa najua. Siku zote nilidhani alikuwa amelala, au ametingwa, au hajali, na sikuwahi kumwuliza.

Nilipomaliza kulia nikafuta pua. "Sikiliza. Chupa ya mama iko pale uwanja wa ndege. Haiingii, inatoka tu. Nimehangaika niiingize, nimehangaika nitengeneze nyingine, karibu niwachome wapangaji. Na jana kipande cha kwanza kikaja kwangu, nikaona kabisa ni kinyume. Mama hakuweka sheria ile ili mimi nikufuate. Aliiweka ili wewe uje."

"Dada..."

"Nakaa hapa mpaka uombe."

"Dada, jua linakuja hapo."

"Nimeliona."

Akarudi mlangoni. Nikakaa. Jua likaja kweli. Nikajifunika kanga kichwani, nikakaa. Deo anafungua mlango, ananitazama, anafungua, ananitazama. Mwishowe akaja msimamizi wao, Mganda mmoja mnene mwenye upole.

"Mama, utaungua. Unangoja nani?"

"Namngoja yule mlinzi aombe likizo."

Alinyoosha kidole. "Deo? Si aje aombe tu. Mimi nimejiuliza sana huyu kijana. Wenzake wanaomba mpaka wananisumbua, yeye hapana. Nikasema labda hana kwao."

Deo alikuwa ameshafika nyuma yake, akayasikia maneno yale. Uso ulimbadilika. Alivua kofia.

"Ninako kwetu," akasema. "Naomba likizo, bosi."

Kutoka

Kuondoka hakukuwa kwepesi, tulingoja majibu, tukangoja nafasi ya ndege, na nikapata Ijumaa mbili za kusali Misa kule, maana Ijumaa ndiyo Jumapili yao. Waswahili wa kanisani waliposikia kisa changu walinipa jina la Mama Siagi. Bakari alitusindikiza mpaka mwisho, akaniomba nimwachie maelezo ya ile ya ng'ombe. Nilimwachia kwa mdomo, pamoja na onyo la king'ora.

Uwanja wa ndege nikatoa risiti. Tulisubiri, tukaelekezwa mlango mwingine, tukasubiri tena, mpaka Deo akaanza kusema labda walishaitupa. Kisha afisa mmoja mwanamume akaja na mfuko uliofungwa vile vile, na ndani yake kanga imekunjwa kama nilivyoikunja.

Nikamwonyesha kwa kidole ampe Deo.

Deo aliupokea kwa mikono miwili. Akaisoma ile kanga kupitia plastiki. Ni ile ya rangi ya machungwa aliyoivaa mama siku alipomsindikiza kituoni. Alikaa chini pale pale, kwenye sakafu inayong'aa, chupa mapajani, akalia kama mtoto aliyepotea akapatikana. Watu walipita na mabegi yao ya magurudumu wakituzunguka. Kwa mbali nikamwona Mwanaisha na fagio lake la maji. Alinitambua, akatazama chupa, akanipungia mkono huku amejiziba pua na anacheka.

Dar es Salaam, kijana wa forodha akafungua begi la Deo, akanusa, akakodoa macho.

"Samahani, mama. Mmetoa kitimoto Uarabuni?"

"Kilikwenda kutembea," nikamwambia.

Aliwaita wenzake waje waone. Tulicheleweshwa na vicheko tu.

Jikoni kwa mama

Fidelis alifungua kufuli. Tulifagia buibui, tukatoa meza katikati, na mkate wa jana ulikuwepo, nilikuwa nimempigia simu mapema akaununua. Wajomba walikuja wote. Yule mjomba mkubwa, ambaye Deo alimhofia kuliko wote, alimshika bega, akamwuliza kama Doha kuna vitunguu vizuri. Deo akasema vipo, lakini vitamu mno. Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko, na habari ya mazishi ikaishia hapo.

Niliondoa mafuta ya juu, yale yaliyogeuka rangi. Chini yake ilikuwa kama alivyoiacha, kahawia, na harufu ya moshi wa mpera ikajaa jiko lisilokuwa na moto. Nikasimama, nikakata mkate mnene, nikapaka kwa mgongo wa kisu, nikaweka kitunguu na chumvi.

"Aliyetoka mbali kuliko wote."

Deo akanyoosha mkono. Akauma, akatafuna, akafumba macho.

"Mama," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake tangu msiba. Kisha akaomba kahawa.

Tuliimaliza sisi watatu, na kama desturi ya kitinda mimba, Deo ndiye aliyepangusa chupa kwa ganda la mkate mpaka kioo kikaonekana. Nikawasha moto.

Likizo iliyobaki hakuitumia kutembea. Alinunua nyama ya tumbo kwa jirani, akaitia chumvi mwenyewe, akakata matawi ya mibuni, akakaa na ule moshi mpaka macho yakawa mekundu. Nilimsahihisha sana, mnanijua. Alikata kwa kisu, vipande vikubwa mno mara ya kwanza, nikamrudishia akate upya. Akaishindilia kwenye chupa ile ile ya mama na kuimwagia mafuta meupe unene wa kidole.

Siku ya kuondoka nilimkuta anaifunga kwenye kanga, begi liko wazi.

"Nitaiacha tu pale forodhani Doha," akasema. "Nijue ipo karibu."

"Hiyo haisafiri tena," nikamwambia. "Anayesafiri ni wewe."

Akaifungua kanga, akapanda kigoda, akairudisha uchagani mwenyewe, pale pale alipokuwa akiiweka mama.

Bado ipo. Wiki iliyopita Fidelis alipata wageni, akaja kuiulizia, nikamwambia akanunue siagi dukani. Kipande cha kwanza kina mwenyewe, na Deo ameshaandikisha jina lake kazini kwa ajili ya likizo ijayo.